Dawa Ileile, Fuwele Nyingine

Katikati ya mwaka 1998, kapsuli za ritonavir zilianza kufeli mtihani wa maabara. Mtihani wenyewe ni rahisi: unatumbukiza dawa kwenye kimiminiko, unaangalia kama inayeyuka. Dawa hii ya kupambana na virusi vya Ukimwi ilikuwa sokoni Marekani tangu 1996, na kampuni ya Abbott ilikuwa imeshatengeneza takriban shehena 240 za kapsuli bila shida. Sasa ikakataa kuyeyuka. Na dawa ya kumeza isiyoyeyuka tumboni ni kama haujaimeza.

Walipochunguza, wakakuta fuwele ambazo hawakuwa wamewahi kuziona. Molekuli ni ileile, hakuna atomi iliyoongezwa wala kupunguzwa, ila ilikuwa imejikunja vingine na kushikana na wenzake kwa nguvu zaidi. Fikiria matatu. Abiria ni wale wale kumi na wanne, lakini wakijibana kwa namna fulani, hakuna anayeshuka mpaka wote wasimame.

Halafu kuna hili. Fuwele huambukiza. Chembe ndogo usiyoiona ikidondokea kwenye mchanganyiko, molekuli nyingine zinaiga mpangilio wake. Wataalamu wa Abbott walizuru kiwanda kilichotengeneza dawa hiyo Italia, ambako tatizo halikuwepo. Baada ya ziara yao, fuwele mpya zikaanza kuonekana huko pia. Yaani huenda walizibeba wenyewe, pengine kwenye nguo.

Kapsuli zikaondolewa. Wagonjwa wakabaki na dawa ya maji yenye ladha mbaya sana, na hii si dawa ya kuruka siku mbili tatu. Kapsuli mpya zilikuja 1999, lakini zilitaka friji. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa hapa Kenya. Hebu niambie ni nyumba ngapi zilikuwa na friji. Tembe ya lopinavir na ritonavir isiyohitaji friji ilipatikana 2005.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na kemia niliyofundishwa ilihusu molekuli moja moja. Hakuna aliyetuambia kwamba jinsi zinavyokaa pamoja inaweza kuamua nani anatibiwa.

Wengine walijiuliza: kama mpangilio unaweza kuharibu dawa, si unaweza pia kuiboresha? Mwaka 2003 kampuni ya TransForm, iliyokuwa Massachusetts, ilichapisha utafiti kuhusu fuwele za ritonavir. Mwaka huo huo ikaeleza jambo lingine kuhusu itraconazole, dawa ya fangasi isiyopatana na maji hata kidogo. Waliifuwelesha pamoja na asidi za kawaida, mojawapo ikiwa asidi ya maliki, ile inayofanya tufaha liwe chachu. Molekuli za asidi zikajipachika katikati ya zile za dawa, na fuwele hiyo ya pamoja, yaani kokristali, ikayeyuka vizuri kuliko itraconazole ikiwa peke yake. Dawa yenyewe haibadiliki. Zimeshikana mikono tu, zikifika majini zinaachana.

Kumbe wazo ni la kale. Mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Wöhler alichanganya kwinoni, ambayo ni ya njano, na haidrokwinoni isiyo na rangi, akapata fuwele za kijani kibichi zinazong'aa kama chuma. Zilikaa zaidi ya miaka mia moja kama kioja cha maabara.

Leo kokristali ziko famasi. Entresto, dawa ya moyo iliyoidhinishwa Marekani 2015, ina sacubitril na valsartan ndani ya fuwele moja. Napenda ustadi huo, lakini nina wasiwasi pia, kwa sababu fuwele mpya inaweza kuombewa hataza mpya hata kama kilichomo ndani ni cha zamani, na sisi tunategemea dawa ambazo hataza zake zimeisha. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha tembe ya maumivu yenye tramadol na celecoxib katika fuwele moja. Zote mbili ni dawa za karne iliyopita.