Nguruwe wa Alexandria (Sehemu ya 2)

ILIPOISHIA: Novemba 1, 1918, bandarini Pola, Waitalia wawili, Raffaele Rossetti na Raffaele Paolucci, walitega bomu kwenye manowari Viribus Unitis. Wakakamatwa, wakapandishwa kwenye meli ileile waliyoitega. Nayo ikazama.

SASA ENDELEA...

Miaka 23 ilipita. Usiku wa Desemba 18, 1941, nyambizi ya Waitalia, Scirè, iliyoongozwa na Junio Valerio Borghese ilinyemelea hadi nje ya bandari ya Alexandria, Misri, ikawaacha majini watu sita na vyombo vitatu. Vilikuwa topido za mwendo wa pole, watu wamezipanda wawiliwawili kama abiria wa bodaboda, vichwa tu juu ya maji. Wanamaji wenyewe waliziita nguruwe, kwa ukaidi wake.

Mdomo wa bandari ulikuwa umezibwa kwa wavu wa chuma. Wangepitaje? Mara lango likafunguliwa! Manowari za Waingereza zilikuwa zinarejea, na Waitalia wakaingia nazo sambamba. Mwenye nyumba kamfungulia mwizi. Ningelitunga mimi hili, mhariri angelikata.

Luteni Luigi Durand de la Penne na mwenzake Emilio Bianchi walipewa Valiant, manowari kubwa ya vita. Walikuwa wameshaikaribia pale nguruwe wao alipozama hadi kwenye tope na kugoma. Bianchi akatoweka, pumzi zilikuwa zimemwishia, akaibuka na kung'ang'ania boya. De la Penne akabaki peke yake gizani, maji ya Desemba yakipenya ndani ya vazi lake la mpira. Akalikokota lile dude, lenye takriban kilo 300 za baruti, kidogo kidogo, hadi chini ya tumbo la meli. Akatega saa.

Alipoibuka alipokewa kwa risasi. Wote wawili wakakamatwa, wakahojiwa, wakagoma kusema walichokifuata. Nahodha wa Valiant, Charles Morgan, hakubembeleza: akaamuru wafungiwe ngamani, chini kabisa, karibu na pale bomu lilipolala.

Saa zikayoyoma. Zilipobaki kama dakika 10, de la Penne aliomba kuonana na nahodha. Akamwambia meli italipuka, awaokoe watu wake. Bomu liko wapi? Hilo hakulijibu.

Morgan akaamuru arudishwe kulekule ngamani.

Je, atatoka hai? Usikose Jumamosi ijayo. ITAENDELEA.