Taa ya injini na mafuta tunayotia kwenye magari kuukuu

Mpwa wangu akaa Riruta, karibu na Kawangware, na riziki yake ni Toyota kuukuu ya kubebea mizigo. Kabla ya Idd alinipigia simu: “Mjomba, taa ya injini imewaka. Fundi ataka shilingi 12,000 abadilishe sensa.” Nikamuuliza mafuta alitia wapi. Akasita kidogo, kisha akakiri kwamba alinunua dumu kando ya barabara kwa bei ya kutupa.

Taa ile hueleza tu kwamba kompyuta ya gari imeona jambo lisilo la kawaida. Petroli ikichanganywa na mafuta taa, okteni hushuka na mafuta huchelewa kugeuka mvuke. Silinda hukosa kuwaka sawasawa, injini hugonga, na petroli isiyoungua hutoka na moshi hadi kwenye ekzosi. Sensa ya oksijeni ikapeleka taarifa hiyo, taa ikawaka. Maji ndani ya tangi huleta shida kama hiyo. Kwa hivyo sensa yaweza kuwa nzima kabisa, imesema kweli tu, nawe ukalipa kuibadilisha.

Mchezo huu wa kughushi mafuta ulinoga kwa sababu mafuta taa yalikuwa rahisi kuliko petroli. Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuuzima. Nia ilikuwa njema, lakini mzigo uliwaangukia pia akina mama wa Kibera na Kawangware wanaopikia stovu, ambao hawajawahi kumiliki hata pikipiki. Siku hizi EPRA hutangaza bei ya juu kabisa kila tarehe 14 ya mwezi. Anayekuuzia chini sana ya hapo, muulize ameyatoa wapi.

Je, petroli ya bei ghali itazima taa? Mara nyingi hapana. Gari nyingi ndogo za Japani ziliundwa kwa petroli ya kawaida ya kwao, yenye okteni kama 90, na super yetu ikiwa safi yazitosha. Okteni ya juu ni ya injini ambazo kitabu cha gari chaitaka, hasa zenye taabo.

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa pwani. Riruta iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini huvumilia okteni ya chini. Tangi hilohilo likishuka hadi Mombasa, kwenye hewa nzito na joto, injini huanza kugonga. Tukalaumu safari, kumbe ni mafuta yaliyotiwa juu.

Taa ikiwaka bila kupepesa, endesha polepole hadi kwa fundi. Ikipepesa, punguza mwendo na usimame mahali salama, kwani petroli isiyoungua yaweza kuunguza katalitiki, kile kichujio cha moshi ndani ya ekzosi, nacho ni ghali kuliko sensa. Kabla ya kununua chochote, taka usomewe kodi. P0300 ni silinda kukosa kuwaka, P0171 ni hewa kuzidi mafuta, P0420 ni katalitiki kuchoka. Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazisomeki kwa mashine hizi. Fundi mzoefu huunganisha TE1 na E1 kwa waya, akahesabu taa inavyopepesa.

Mpwa wangu alimwaga tangi, akabadilisha filta na plagi, akatia petroli ya kituoni na kuweka risiti. Taa ilizimika baada ya siku chache. Sensa ni ileile.

Nawe ukienda kununua gari kuukuu, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa lazima iwake kwanza. Isipowaka, huenda kuna aliyeing'oa balbu.