Kivuli au mzimu?

Jua likiwaka pale Soko la Kilombero, kivuli ni kitu cha kugombewa. Mama muuza ndizi akikwambia "sogea kivulini, mwanangu", amekutendea wema. Ndiyo maana Mathayo 14:26 katika Biblia ya Union, iliyotoka nzima mwaka 1952, humchanganya msomaji wa leo: wanafunzi wanamwona Yesu akitembea juu ya maji, wanapiga yowe, na wanachodhani wamekiona ni "kivuli". Tafsiri ya Habari Njema imeandika "mzimu", nami nasimama upande huo. Mathayo anataja zamu ya nne ya usiku, yaani kati ya saa tisa na saa kumi na mbili alfajiri, upepo ukiwa wa mbisho. Saa hizo mtu haogopi giza tu. Anaogopa mfu asiyetulia. Mzee wa Kimeru au wa Kichaga, aliyekua akisikia wafu wakitajwa kama watu wa nyumbani, hahitaji kufafanuliwa. Tena mzimu hauna mwili wa kushikika. Lakini Petro, mmoja wa wanafunzi hao, alipoanza kuzama, Yesu alinyosha mkono akamshika: hakuwa mzimu.