Kompyuta ya Kuundwa kwa Mkono

Kila chombo kina siku mbili katika maisha ya wanadamu. Siku ya kwanza ni ile ambayo chombo hutumiwa na wengi lakini hufahamika na wachache. Siku ya pili ni ile ambayo chombo hufunguliwa, kikaonekana ndani, na mtu wa kawaida akathubutu kukitengeneza. Baiskeli iliifikia siku yake ya pili zamani katika nchi yetu, na redio ikaifuata. Katika insha hii, msomaji, nataka kukusimulia jinsi kompyuta ilivyoifikia siku hiyo, na kukuonyesha kwa nini habari hiyo inamhusu kijana wa Langas sawasawa na kijana wa mji wowote mkubwa wa dunia.

Langas ni mtaa ulio kusini mwa Eldoret, mji ambao wenyeji huuita 64 kwa kuwa ulianzia katika shamba lililoandikishwa kwa nambari hiyo. Wakazi wa mtaa huu wametoka pande nyingi za Kenya, na wengi wao huishi kwa kazi ya mikono. Kando ya njia zake utaona mabanda ya washonaji, maseremala, wachomeleaji wa vyuma, na mafundi wa redio na simu. Kazi hizi tunaziita jua kali. Zamani zilidharauliwa, na waliozifanya walifukuzwa mara kwa mara barabarani. Lakini mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya Kenya iliyosema kwamba kazi za namna hii ni uchumi wa kweli, wenye ustadi na manufaa. Likumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

Kompyuta za kwanza hazikuwa vyombo vya kuundwa na mtu mmoja. Ile iliyoitwa ENIAC, ambayo Marekani iliionyesha kwa watu mwaka 1946, ilijaza chumba kikubwa, ilikuwa na taa za elektroniki zipatazo 18,000, na uzito wake ulikaribia tani 30. Mashine za miaka iliyofuata zilipungua ukubwa, walakini zilibaki mali ya serikali, mabenki na makampuni. Kwa nchi changa zilikuwa mzigo: zilinunuliwa kwa fedha za kigeni na zilitegemea wataalamu wa kigeni. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Baadaye amri hiyo ililegezwa, na leo ni rahisi kuicheka. Lakini usiicheke kabla ya kuipima. Mtu anayenunua asichoweza kukifungua hununua pamoja nacho utumwa wa kumwita mwenyewe kila kinapoharibika.

Mlango ulifunguliwa na kitu kidogo kuliko ukucha. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilianza kuuza chipu moja iliyobeba peke yake kazi yote ya kukokotoa. Mnamo Januari 1975 gazeti moja la Marekani la wapenzi wa elektroniki liliwatangazia wasomaji wake kompyuta iitwayo Altair 8800, ambayo mtu aliweza kuletewa kwa posta ikiwa vipande vipande, akaiunda nyumbani. Haikuwa na kibodi wala kiwambo. Ilikuwa na swichi za kuamrishia na taa ndogo za kujibia, na kumbukumbu yake haikuzidi baiti 256, yaani nafasi ya herufi 256 tu. Hata hivyo maelfu ya watu waliiagiza. Mwezi Machi wa mwaka ule ule, katika gereji ya nyumba moja huko California, walianza kukutana watu waliopenda kujiundia kompyuta, wakaonyeshana michoro yao bila choyo. Mmoja wao, Steve Wozniak, alibuni ubao ulioanza kuuzwa mwaka 1976 kwa jina la Apple I. Ulikuwa ubao mtupu, na kasha lake mnunuzi alijitafutia.

Hata hivyo, kompyuta tunayoweza kuiunda sisi leo ilizaliwa Agosti 1981. Kampuni ya IBM ilikuwa na haraka ya kuingia katika soko jipya, kwa hiyo ikaunda kompyuta yake kwa viungo vya makampuni mengine: prosesa kutoka Intel, programu ya kuendeshea kutoka Microsoft. Zaidi ya hayo, ilichapisha kitabu kilichoeleza jinsi mashine ile ilivyopangwa ndani. Wengine walikisoma, wakajifunza, wakatengeneza mashine na viungo vilivyopatana na vyake. Mwaka 1995 Intel ilitoa kipimo kiitwacho ATX, kinachoeleza ukubwa wa ubao, mahali pa tundu za skurubu na njia ya umeme. Tangu hapo ubao uliotengenezwa nchi moja umeweza kuingia katika kasha la nchi nyingine na skurubu zikakaa mahali pake.

Basi, msomaji, zingatia neno hili. Haikuwa akili ya watu iliyoongezeka ghafla, hata mwanafunzi akaweza kuunda kilichowashinda mabwana wa jana. Ni kipimo kilichowekwa wazi. Palipo na siri, fundi hawi ila mtumwa wa mwenye siri. Palipo na kipimo cha wazi, hata anayeanza leo ana pa kushika.

Je, anayeanza ajifunze nini? Ajifunze kwanza viungo na kazi zake. Ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, ni uwanja ambao viungo vyote hukutania. Prosesa hukokotoa. Kumbukumbu, au ramu, hushika kazi ya sasa na husahau umeme ukatikapo, lakini diski hutunza hata baada ya kuzimwa. Kisanduku cha umeme hupokea volti 240 za ukutani na kuzigeuza kuwa 12, 5 na 3.3.

Baada ya hapo ajifunze utaratibu. Kabla ya kugusa chochote, agusane na chuma kitupu, ili umemetuli wa mwilini usije ukaua chipu. Prosesa huwekwa kwa kukutanisha pembetatu ndogo iliyo katika pembe yake na alama iliyo katika kitako chake, haisukumwi. Kipande cha ramu kina pengo lisilokaa katikati, kwa hiyo hukubali upande mmoja tu. Juu ya prosesa hutiwa urojo kidogo wa kupitishia joto, kisha hufungwa kipoza joto na feni yake. Na kisanduku cha umeme kisifunguliwe kamwe na mwanafunzi, maana ndani yake hubaki umeme wa kudhuru hata baada ya kuchomolewa ukutani. Mashine ikikataa kuwaka, asiipige wala asiilaani; achomoe kiungo kimoja, ajaribu, achomoe cha pili, ajaribu tena. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii haraka huunguza.

Programu ya kuendeshea nayo yaweza kupatikana bila malipo. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Finland, akakiweka wazi ili kila mtu akisome na kukirekebisha.

Pengine utasema: viungo tuvipate wapi, nasi si watu wa fedha? Nchi yetu imekwisha kuonyesha njia. Tangu mwaka 2002 shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likikusanya kompyuta zilizotumika, likizitengeneza na kuzipeleka shuleni. Karibu zaidi na Langas, Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2016 kilishirikiana na kampuni ya JP Sá Couto ya Ureno kuwapatia watoto wa shule za msingi vyombo vya kujifunzia katika mpango wa serikali. Hapana shaka kompyuta kuukuu ina hatari zake, kwa sababu ndani yake mna risasi na sumu nyingine. Ndiyo maana Uganda ilitangaza mwaka 2009 kuzuia uingizaji wa kompyuta zilizotumika. Lakini mashine iliyofufuliwa na fundi hodari hukawia kwenda jalalani, na fundi wa namna hiyo ni rafiki wa mazingira.

Liko jambo moja la kutuhangaisha. Mlango uliofunguliwa mwaka 1981 umeanza kurudishwa. Kompyuta nyingi za mkobani zinazotoka viwandani leo zina ramu iliyolehemiwa juu ya ubao, na betri iliyogandishwa kwa gundi. Kiungo kimoja kikifa, mwenyewe huambiwa anunue mashine nzima. Tukilikubali hilo kwa kunyamaza, tutarudi kule kule tulikoanza, kwenye chombo kisichofahamika ila na aliyekiuza.

Kwa hiyo, kijana, usingoje upate mashine mpya ndipo ujifunze. Tafuta kuukuu iliyokufa, omba ruhusa ya mwenyewe, chukua bisibisi, uifungue mbele ya mwalimu au fundi. Taja kila kiungo kwa jina lake, kichore katika daftari, kisha ukirudishe mahali pake. Mafundi wa jua kali waliodharauliwa zamani hawakupewa heshima yao na ripoti. Waliipata kwa kazi iliyosimama, na ripoti ilishuhudia tu. Heshima ya kompyuta nayo itapatikana kwa njia hiyo hiyo: mashine ikiwaka mezani, na aliyeiunda akaweza kueleza kwa nini imewaka.