Jina la Kuazima

Husemwa kwamba mhamiaji hupoteza kwao. Mimi naona kwamba kinachompotea kwanza ni shahidi: mtu awezaye kusema, "Huyu namjua, ni mtoto wa fulani, nyumba yao ilikuwa pale." Fikira hii niliipata katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo By the Sea, iliyotoka mwaka 2001.

Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Visiwa vilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja mapinduzi. Wako walioyapokea kwa furaha. Wako pia waliofungwa, walionyang'anywa mali na waliokimbia. Yeye alifika Uingereza akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati chuki dhidi ya wageni ilikuwa ikisemwa hadharani. Hakuweza kurudi kwao hadi mwaka 1984, akawahi kumwona baba yake muda mfupi kabla mzee huyo hajafariki.

Katika riwaya hiyo mzee Saleh Omar, aliyekuwa mfanyabiashara wa fanicha, anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick na kikasha cha udi, na pasipoti yenye jina la Rajab Shaaban. Kiingereza anakijua, ila ameshauriwa anyamaze. Ofisa anamchukulia udi wake. Hatimaye hifadhi anaipata. Lakini kwenye karatasi aliyehifadhiwa ni Rajab Shaaban, si yeye.

Anatafutwa mkalimani. Anayepatikana ni mwalimu wa chuo kikuu, Latif Mahmud, ambaye ni mtoto wa Rajab Shaaban wa kweli. Naye pia ameliacha jina alilopewa na wazee wake, Ismail. Tena baina ya jamaa hizi mbili pana ugomvi wa zamani, wa deni na nyumba. Mbele ya serikali mzee aliweza kujiita atakavyo. Mbele ya Latif hawezi.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa kitabu hiki. Wanaomhurumia mzee hawamjui, na anayemjua ana kinyongo naye. Hata hivyo ni mbele ya mwenye kinyongo ndipo anaporudi kuwa Saleh Omar. Huyu anasimulia, yule anapinga, na polepole mambo ya kwao yanapata sura. Mwenyeji mwema aweza kukupa chumba na blanketi, lakini hawezi kukubishia juu ya mtaa uliokulia.

Gurnah alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka uliofuata riwaya yake Paradise ilitoka kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Wengi walifurahi kwamba amerudi nyumbani. Mimi nilifurahia jambo jingine: kwamba sasa atasomwa na watu wanaozijua harufu na majina anayoyataja, na ambao, pale wasipokubaliana naye, watamwambia, "La, haikuwa hivyo."