Talapetraka: Jani la Madagaska Lililofika Kwenye Kisahani cha Maabara

Ni mmea mdogo unaotambaa penye unyevunyevu, na majani yake ya mviringo hukaribia ukubwa wa sarafu. Wamalagasi huuita talapetraka. Wanasayansi huuita Centella asiatica. Asiyeujua huukanyaga akapita zake. Lakini ndio uliozaa Madecassol, dawa ya vidonda na makovu iliyovuka bahari na kuuzwa katika nchi nyingi.

Waliotangulia kuujua ni waganga wa jadi. Madagaska waliutumia kutibu vidonda, na India matabibu wa Ayurveda waliutumia kwa maradhi ya ngozi, ukoma ukiwa mmojawapo. Mwaka 1941 mtafiti Bontems alitoa kwenye mmea wa Madagaska kiini kilichopewa jina la asiatikosaidi. Pierre Boiteau, mtaalamu wa mimea aliyeongoza bustani ya Tsimbazaza mjini Antananarivo, akakifuatilia kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma, watu ambao enzi hizo dawa zao zilikuwa haba na vidonda vyao vilikaa miaka bila kufunga.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Albert Rakoto Ratsimamanga, daktari Mmalagasi aliyezaliwa mwaka 1907. Mwaka 1956 wawili hao walichapisha ripoti kuhusu kiini hicho na uponyaji wa vidonda sugu, ukoma na kifua kikuu cha ngozi. Mwaka uliofuata Ratsimamanga alianzisha mjini Antananarivo taasisi ya utafiti, IMRA, ili elimu ya waganga ichunguzwe nyumbani kwao.

Likabaki swali moja: jani hili hufanya nini hasa? Kidonda kikipona, huenda ni dawa, huenda ni usafi, huenda ni mwili wenyewe. Hapo ndipo seli za ngozi zilipoitwa kutoa ushahidi. Mwaka 1990, Maquart na wenzake huko Reims, Ufaransa, walichukua faibroblasti za binadamu, yaani seli zinazotengeneza kolajeni, ule uzi unaoshikilia ngozi. Walizikuza maabara, wakazitilia viini vya mmea huo. Seli zikaongeza kolajeni. Walipovitenga viini kimoja kimoja, asidi ya asiatiki ndiyo iliyoonekana kubeba kazi hiyo.

Siku hizi watafiti wengi huanza na jaribio jepesi zaidi. Seli zikishajaa kisahani, huzikwaruza kwa ncha nyembamba hadi mstari mtupu ubaki katikati. Kisahani kimoja hutiwa dawa ya mmea, kingine hakitiwi. Kisha hupigwa picha saa baada ya saa kuona ni wapi seli zinaziba pengo upesi. Huangaliwa pia kipimo, maana dawa ikizidi huziua seli zilezile.

Kisahani hakina damu, wala usaha, wala mgonjwa mwenye kisukari. Kwa hiyo jibu lake ni mwanzo tu, na kazi ya wanyama na wagonjwa hufuata. Hata hivyo, tusisahau mpangilio wa historia hii: maabara ilieleza namna jani linavyofanya kazi, lakini jani lenyewe ilionyeshwa na waganga. Hadi leo wanavijiji wa Madagaska huinama kulichuma kwa mikono, likasafirishwa ng'ambo. Sifa ya dawa hii, na faida yake, iwafikie na wao.