Mapenzi, historia na miujiza: Riwaya zinazovuka mipaka ya wakati

RIWAYA ya mapenzi yenye msingi wa kihistoria ina masharti mawili makuu. Kwanza, kisa cha wapendanao sharti kitokee katika enzi iliyopita. Pili, matukio ya enzi hiyo yawe na nguvu ya kuamua hatima yao. Wapo waandishi ambao huongeza sharti la tatu: uchawi, mizimu, kuzaliwa upya au safari ya kuvuka mipaka ya wakati. Hapo ndipo huchipuka kijitanzu ambacho kimejizolea wasomaji wengi, hasa nchini Marekani na Uingereza.

Wako wahakiki wanaokibeza kijitanzu hiki kuwa ni burudani tupu. Hata hivyo, kazi zake bora huzua swali zito: je, mtu ajuaye yatakayotukia anaweza kuyazuia? Mfano ulio wazi zaidi ni Outlander, riwaya ya Mmarekani Diana Gabaldon iliyochapishwa mwaka wa 1991, na ambayo nchini Uingereza ilitolewa kwa jina Cross Stitch.

CHIMBUKO

Ndoa ya historia na miujiza katika riwaya si jambo geni. Mnamo 1764, Mwingereza Horace Walpole alitoa The Castle of Otranto, kisa cha ngome ya zama za kati ambamo kofia kubwa ajabu ya chuma inaanguka na kumponda bwana harusi siku ya ndoa yake. Miaka 50 baadaye, mwaka wa 1814, Walter Scott alichapisha Waverley, kazi inayohesabiwa miongoni mwa nguzo za riwaya ya kihistoria barani Ulaya. Ingawa Scott alizingatia matukio halisi ya vita vya 1745 nchini Uskoti, hakusita kuingiza mzuka wa rangi ya kijivu unaomtokea mkuu wa ukoo kumwarifu kwamba siku zake zimekwisha.

Mwaka wa 1887, H. Rider Haggard alichapisha kitabu She. Humo, wasafiri Waingereza wanashukia pwani ya Afrika Mashariki, wanaingia bara na kumkuta malkia Ayesha, ambaye ameishi zaidi ya miaka 2,000 akimngoja mpenzi aliyemuua kwa mkono wake mwenyewe azaliwe tena. Haggard si mgeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Riwaya yake nyingine ilifasiriwa na kutolewa mwaka wa 1929 kwa jina Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Katika miaka ya 1980 safari za kurudi enzi za kale zilishika kasi. Barbara Erskine alitoa Lady of Hay mwaka wa 1986, naye Jude Deveraux akafuata na A Knight in Shining Armor mwaka wa 1989. Gabaldon, msomi mwenye shahada ya uzamifu katika ekolojia, alianza kuandika mwaka wa 1988 kwa nia ya kujifunza tu jinsi riwaya inavyoandikwa.

MUUGUZI NA MAWE

Mhusika mkuu wa Outlander ni Claire Randall, muuguzi aliyehudumia majeruhi katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Vita vinapokwisha, yeye na mumewe Frank, ambaye ni mwanahistoria, wanakwenda Inverness, Uskoti, kwa fungate ya pili, maana vita viliwatenganisha kwa miaka mingi. Huko Claire anagusa jiwe lililopasuka katika duara la mawe ya kale, anasikia kelele za kutisha, na anapozindukana yumo katika mwaka wa 1743.

Mtu wa kwanza anayekutana naye ni kapteni wa jeshi la Uingereza, babu wa mumewe, ambaye ana sura ya mumewe lakini roho ya mnyama. Waskoti wanaomwokoa wanamshuku kuwa jasusi. Ili kapteni huyo asipate uwezo wa kisheria wa kumkamata, Claire anaozwa kijana Mskoti, Jamie Fraser. Ndoa iliyofungwa kwa hila ya kisheria inageuka kuwa mapenzi ya kweli, na hapo ndipo mtihani unapoanza: Claire ana mume katika karne ya 20 na mume katika karne ya 18.

Uchawi katika riwaya hii ni haba, na hiyo ndiyo siri ya mafanikio yake. Ukiondoa mawe hayo, mengi yanayoonekana kuwa ya kimazingaombwe yana maelezo ya kawaida. Claire anatibu majeraha kwa mitishamba na maarifa ya usafi aliyojifunza hospitalini, na wanakijiji wanaona uganga. Anapotuhumiwa kuwa mchawi pamoja na rafiki yake Geillis Duncan, Geillis anafichua alama mkononi ambayo umati unaiona kuwa chapa ya Ibilisi. Claire peke yake anaitambua: ni kovu la chanjo ya ndui. Kwa kuwa chanjo hiyo ilibuniwa na Edward Jenner mwaka wa 1796, mwanamke yule pia hakuzaliwa katika enzi ile.

UKWELI NA UBUNIFU

Jina la Geillis Duncan halikubuniwa. Lilikuwa la mjakazi aliyeteswa katika kesi za uchawi za North Berwick, Uskoti, zilizoanza mwaka wa 1590. Kwa upande mwingine, kesi ya uchawi inayosimuliwa katika riwaya haingeweza kufanyika kisheria mwaka wa 1743. Mwanamke wa mwisho kuuawa kwa tuhuma hizo nchini Uskoti, Janet Horne, alichomwa moto huko Dornoch mwaka wa 1727, na sheria iliyopitishwa na bunge la Uingereza mwaka wa 1735 ilikomesha mashtaka ya aina hiyo.

Mambo ya vita nayo yana msingi imara. Mnamo Agosti 1745, Charles Edward Stuart alipandisha bendera Glenfinnan akidai kiti cha enzi ambacho babu yake alikipoteza. Wafuasi wake, Wajakobiti, walifika hadi Derby, Uingereza, kabla ya kurudi nyuma. Aprili 16, 1746 walikutana na jeshi la serikali katika uwanja wa Culloden. Pigano lilidumu chini ya saa moja. Wajakobiti waliouawa au kujeruhiwa wanakadiriwa kuwa kati ya 1,500 na 2,000, ilhali wanajeshi wa serikali waliouawa hawakufika mia moja. Baadaye serikali ilipiga marufuku mavazi ya asili ya Nyanda za Juu, marufuku iliyodumu hadi mwaka wa 1782.

Claire anayajua hayo yote kabla hayajatokea. Katika kitabu cha pili, Dragonfly in Amber, cha mwaka wa 1992, yeye na Jamie wanakwenda Paris kumzuia Charles asipate fedha za vita. Wanashindwa. Siku ya Culloden, Jamie anamrudisha mkewe mjamzito kwenye mawe ili angaa mtoto aokoke. Huu ndio uzito wa kijitanzu hiki: muujiza unampa mhusika maarifa, lakini haumpi mamlaka juu ya historia.

NANI ANAKARIBISHWA KATIKA ENZI ZA KALE?

Outlander ilipata tuzo ya RITA mwaka wa 1992, na kuanzia Agosti 2014 kisa hicho kikaonyeshwa kwenye televisheni. Kitabu cha tisa katika msururu huo kilitoka Novemba 2021. Umaarufu huo umezua lawama kwamba riwaya za aina hii huipamba historia hadi dhuluma zikaonekana kuwa mandhari tu ya mahaba.

Jibu kali kwa pambo hilo lilikuwa limeshaandikwa. Mwaka wa 1979, Mmarekani mweusi Octavia Butler alichapisha Kindred. Dana, mwanamke mweusi anayeishi California mwaka wa 1976, anavutwa mara kwa mara na nguvu isiyoelezwa hadi Maryland ya enzi za utumwa. Kila mara analazimika kuokoa maisha ya mwana wa mwenye watumwa, kwa sababu bila mtu huyo ukoo wake mwenyewe hautazaliwa. Si riwaya ya mapenzi, lakini ni kipimo kizuri cha nyingine zote. Msafiri mweupe huweza kupata mume na heshima katika karne zilizopita, ilhali msafiri mweusi hukutana na mjeledi.

HAZINA YA NYUMBANI

Msomaji wa Kenya atatambua kwamba viungo vya kijitanzu hiki vimo katika masimulizi ya hapa nchini. Luanda Magere, shujaa wa Waluo, alikuwa na mwili mgumu kama jiwe. Aliozwa binti wa maadui, naye akaigundua siri kwamba nguvu za mumewe zimo kivulini. Pwani, Fumo Liyongo hakudhurika ila kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na aliyeichoma alikuwa mwanawe wa kumzaa.

Katika visa hivyo, ajabu haitenganishwi na vita wala na nyumba. Lakini binti yule aliyeozwa kwa adui, akaishi baina ya mume na kabila lake, amesimuliwa zaidi kama msaliti. Alimpenda Magere? Alilazimishwa na nani? Alirudi kwao na moyo gani? Riwaya ya kihistoria yenye miujiza ina nafasi ya kumpa sauti, na mwandishi wa Kiswahili atakayelichukua jukumu hilo hatahitaji kuazima mawe ya Uskoti.